Wapagazi wako wapi? Swali kuhusu safari katika fasihi na filamu za Kifaransa

Shajara anauliza:

Wanajukwaa, nawasalimu nyote. Ninaandaa tasnifu ya shahada ya uzamili kuhusu namna safari inavyosawiriwa katika fasihi na filamu za Kifaransa, tangu enzi ya ukoloni hadi miongo iliyofuata uhuru wa makoloni, na nimekwama mahali ambapo huenda waliotangulia wakanikwamua.

Nilianza na Jules Verne kwa sababu iliyo wazi: safari ya puto katika riwaya yake ya Cinq semaines en ballon, iliyotoka mwaka 1863, inaanzia Zanzibar. Wazungu watatu wanapaa kwa puto, wanashuka kidogo Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, ambako watu wanawadhania kuwa wana wa mwezi, kisha wanalivuka bara zima hadi Mto Senegal, ambako wanapokewa na askari wa Kifaransa. Verne hakuwa amekanyaga sehemu hizo. Safari hiyo aliitunga mezani kwa kusoma habari za wapelelezi wa Kizungu, akina Burton, Speke na Barth. Dharau imo tele. Kuna mahali ambapo wasafiri wanadhani mwenzao amezingirwa na wenyeji, kumbe ni nyani, na mmoja wao anasema kwamba ukitazama kwa mbali tofauti si kubwa. Hata hivyo kilichonishika zaidi ni chombo chenyewe. Puto linamwondolea msafiri kero zote za nchi kavu: haombi njia, halipi hongo kwa maana ile ya zamani ya ushuru wa msafara, wala hana haja ya mpagazi hata mmoja. Anaiona nchi yote bila kudaiwa chochote na mtu aliye chini.

Nilipofika kwa waandishi wa miaka ya 1920 na 1930, akina André Gide, Albert Londres na Michel Leiris, niliwakuta ardhini, na wapagazi wamerudi. Lakini wamerudi kama hesabu. Wanatajwa wanapochelewa, wanapokimbia, au wanapohitajika wengine sitini kesho asubuhi. Nilitarajia kwamba baada ya uhuru mpagazi huyu angeutua mzigo na kuanza kusimulia safari kwa kinywa chake. Badala yake niliyemkuta katika riwaya na filamu ni mwanafunzi, mtumishi wa ndani au kibarua anayekwenda Paris, na wahakiki hawamwiti msafiri bali mhamiaji.

Msimamizi wangu anaona kwamba kugeuka kwa mwelekeo, yaani Mwafrika kwenda Ulaya badala ya Mzungu kwenda Afrika, kunatosha kuwa ndio mpaka kati ya safari ya kikoloni na ile ya baada ya ukoloni. Mimi nina shaka, ila sijaweza kuieleza shaka yangu kwa hoja. Swali langu la pili ni la utaratibu tu: je, ni sawa kuviweka vitabu na filamu katika sura moja, ilhali kitabu cha Gide na filamu ya Marc Allégret, zilizotokana na safari ileile, zinaonyesha nchi mbili tofauti?


Mtafsiri Mzee anajibu:

Ndugu Shajara, umeuliza vizuri, na nitaanza na Gide kwa sababu nimeishi na kitabu chake kwa miaka mingi na bado sijaamua kama ninakipenda.

Gide aliondoka Ufaransa Julai 1925 akiwa na umri wa miaka 55, pamoja na kijana Allégret, akiwa na barua ya Wizara ya Makoloni iliyomfungulia milango ya maofisa. Walirudi mwaka uliofuata, na shajara zake zikatoka kwa majina ya Voyage au Congo mwaka 1927 na Le Retour du Tchad mwaka 1928. Ile ya kwanza aliitabarukia kumbukumbu ya Joseph Conrad. Ukisoma kurasa za mwanzo utadhani umeshika shajara ya mstaafu aliyekwenda kupunga hewa: anafukuza vipepeo, anarudia kusoma waandishi wake wa zamani, analalamikia joto. Kisha kitabu kinageuka. Anasikia habari za Bambio, ambako wachuma mpira wa Compagnie Forestière Sangha-Oubangui walioleta mpira pungufu waliadhibiwa kwa kukizunguka kituo cha biashara cha kampuni juani siku nzima wakiwa wamebeba magogo mazito, hata mmoja wao akafa. Usiku mmoja mkuu wa kijiji, Samba N'Goto, anakuja kumsimulia mauaji yaliyofanyika kwa amri ya serikali. Tangu hapo Gide si mtalii tena. Anamwandikia gavana mkuu, anakusanya ushahidi, na akirudi Paris jambo hilo linafika bungeni. Ni yeye pia aliyeandika kwamba kadiri Mzungu anavyopungukiwa na akili, ndivyo Mwafrika anavyomwonekea mjinga.

Sasa nije kwa wapagazi wako. Gide anaona vibaya kwamba wanabebeshwa kwa lazima na kwa ujira duni, na anaandika hivyo waziwazi. Mara nyingi anashuka kwenye machela anayobebewa na kutembea. Lakini msafara unaendelea, na machela yako palepale nyuma yake, tupu, yamebebwa. Nakuomba uitazame picha hiyo kwa makini, kwa kuwa dhamiri ya kitabu kizima imo humo. Mtu mweusi anayepata jina na sura katika kurasa hizo ni hasa Adoum, kijana mkalimani ambaye Gide anamfundisha kusoma. Baada yake, ajabu ni kwamba kiumbe kinachopewa huruma ndefu zaidi ni mnyama mdogo aishiye juu ya miti waliyempa jina la Dindiki. Sisemi hivyo kwa kejeli. Mtu anaweza kuushtaki mfumo mzima kwa ujasiri na bado akashindwa kumwona aliyembeba.

Leiris ni habari nyingine. Msafara wa Dakar-Djibouti, uliodumu tangu 1931 hadi 1933 chini ya uongozi wa mwanaethnolojia Marcel Griaule, ulipitishwa kwa sheria ya Bunge la Ufaransa, na sehemu ya fedha zake ilichangwa kwa pambano la ngumi la bondia Al Brown wa Panama. Leiris aliajiriwa kuwa katibu na mtunza kumbukumbu. Kazi yake ilikuwa kuandika yaliyofanyika, naye akayaandika yote, hata yale ambayo katibu mwenye busara angeyaruka. Septemba 1931, huko Kéméni, katika Mali ya leo, Griaule alidai kijiji kitoe kono, kitu kitakatifu cha jando lao, kwa faranga 10, la sivyo polisi waliodaiwa kujificha ndani ya lori wangewachukua wakuu wa kijiji hadi San. Ndani ya lori hapakuwa na polisi yeyote. Leiris anasimulia uongo huo, woga wake, na aibu iliyomshika baadaye. Shajara yake, L'Afrique fantôme, ilipotoka mwaka 1934 Griaule alikasirika, na mwaka 1941 serikali ya Vichy, iliyotawala Ufaransa wakati wa vita chini ya kivuli cha Wajerumani, ikaipiga marufuku. Kwa hiyo ukitafuta mahali ambapo msafiri wa kikoloni anaanza kujitilia shaka mwenyewe, usisubiri uhuru, anza hapo.

Na kama ni mpagazi unayemtaka, msome tena Céline. Katika Voyage au bout de la nuit ya mwaka 1932, Bardamu anakwenda koloni kutafuta riziki, anaugua homa, na mwishowe yeye ndiye anayebebwa hoi kama furushi hadi pwani, ambako kasisi anamuuza kwa nahodha wa merikebu ya makasia. Ni upuuzi mtupu wa kihistoria, merikebu ya makasia katika karne ya 20, lakini ni mara chache sana fasihi ya wakati ule ilithubutu kumgeuza msafiri Mzungu kuwa shehena.


Kioo cha Sinema anajibu:

Mzee wangu, shikamoo. Ndugu Shajara, mimi nitajibu swali lako la pili kwanza, kwa kuwa majibu yake yanalibomoa la kwanza.

Kitabu na filamu haviwezi kutenganishwa, lakini pia haviwezi kuchukuliwa kama mashahidi wawili wenye uhuru sawa. Filamu ya Allégret, Voyage au Congo, ilionyeshwa mwaka 1927. Ina ngoma, ina ujenzi wa nyumba za Wamassa zenye umbo la yai, ina kisa cha mapenzi kilichopangwa mbele ya kamera. Haina kampuni ya mpira, haina Bambio, haina reli ya Congo-Océan, ile ambayo Gide aliiita mlaji wa kutisha wa maisha ya watu. Kalamu ya Gide ilikaa mfukoni hadi usiku, na mtu aliweza kuja kumnong'oneza gizani. Kamera ya wakati ule ilitaka mwanga wa mchana, muda, na watu waliotulia mahali pamoja. Yaani ilitaka kila kitu ambacho mkuu wa wilaya ndiye aliyekuwa na uwezo wa kukipanga. Usishangae basi kwamba iliona kile tu kilichopangwa.

Puto lako la Verne nalo lilipata injini. Tarehe 28 Oktoba 1924 magari manane ya Citroën yenye mikanda ya mpira nyuma badala ya magurudumu yaliondoka Colomb-Béchar, Algeria, chini ya Georges-Marie Haardt na Louis Audouin-Dubreuil. Msafara ulipofika Kampala ukagawanyika makundi manne: moja likaelekea Mombasa, jingine Dar es Salaam, jingine Msumbiji na jingine Cape Town, na walipangiwa kukutana Madagaska, ambako walifika katikati ya mwaka 1925. Filamu ya Léon Poirier, La Croisière noire, ilizinduliwa katika Opera ya Paris mwaka 1926. Gari ndilo shujaa. Linavuka jangwa, linavushwa mito, linapita msitu ambao watu wengi walitumikishwa kuufungulia njia, na watu hao wanapoonekana huonekana kama mandhari wanayopungiwa mkono. Katika miaka hiyohiyo jina la Citroën lilikuwa likiwaka kwa taa juu ya Mnara wa Eiffel, kwa hiyo tuiite filamu hiyo kwa jina lake halisi, nalo ni tangazo la biashara.

Sasa hoja yangu. Tarehe 11 Machi 1934 ilitolewa amri inayojulikana kwa jina la waziri Laval, iliyomtaka yeyote anayepiga filamu katika makoloni ya Afrika apate kwanza kibali cha utawala. Haikuwasumbua sana waliosifu. Iliwaangukia waliokosoa: René Vautier alitumwa mwaka 1949 kupiga filamu ya kuwaonyesha wanafunzi wa Ufaransa maisha ya Afrika Magharibi, akarudi na Afrique 50, akashtakiwa, akafungwa, na filamu ikazuiwa kwa zaidi ya miaka 40. Iliwaangukia pia Waafrika wenyewe. Paulin Soumanou Vieyra na wenzake, waliosomea sinema Paris, hawakuweza kupiga filamu kwao, wakaipiga pale walipokuwa. Ndiyo Afrique-sur-Seine ya mwaka 1955, ambamo kamera inazunguka na vijana wa Kiafrika katika mitaa ya Paris.

Angalia kilichotokea hapo. Filamu inayotajwa mara kwa mara kama mwanzo wa sinema ya Waafrika wa makoloni ya Kifaransa ni filamu ya Paris kwa sababu sheria iliwafungia nyumbani. Msimamizi wako anauita huo mwelekeo uliogeuka. Mimi nauita mlango uliobaki wazi. Ukifanya mwelekeo kuwa ndio kipimo, utaisifu amri ya Laval kwa kuzaa fasihi ya baada ya ukoloni.

Kuhusu msafiri kuitwa mhamiaji, rudi kwa Ousmane Sembène, mwandishi na mwongozaji wa filamu wa Senegal. Katika La Noire de..., iliyopata Tuzo ya Jean Vigo mwaka 1966, Diouana anawasili Ufaransa kwa meli kama abiria yeyote: amevaa gauni zuri, ana viatu vya kisigino, ana sanduku lake mkononi. Anaichungulia nchi kupitia dirisha la gari, na kwa dakika hizo chache yeye ni mtalii wa pwani ya kusini. Kisha anaingia nyumbani kwa waajiri wake Antibes, anafungwa aproni, anaambiwa avue viatu, na kuanzia hapo Ufaransa yote kwake ni jiko, bafu, sebule na chumba cha kulala. Sembène anaonyesha kazi ya kumnyang'anya mtu usafiri wake hatua kwa hatua, hadi anapojiua. Kisha anafanya jambo ambalo waandishi wa safari hawalifanyi kamwe: anamrudisha bwana mwajiri Dakar na sanduku la marehemu, na anamfanya mtoto mwenye kinyago usoni amfuate nyuma hadi akimbie. Safari ya mwisho katika filamu hiyo ni ya Mzungu anayebeba mzigo wa Mwafrika. Shajara, uliuliza wapagazi wako wapi. Yule pale.

Niongeze Touki Bouki ya Djibril Diop Mambéty, ya mwaka 1973, ambayo jina lake kwa Kiwolof ni safari ya fisi. Mory na Anta wanatapeli na kuiba ili wapande meli ya Paris, wimbo wa Joséphine Baker unarudia jina la mji huo hadi unachosha, ndani ya meli Wafaransa wanaofanya kazi Senegal wanaisema nchi vibaya, na dakika ya mwisho Mory anashindwa kupanda. Anakimbia kurudi kwenye pikipiki yake yenye pembe za ng'ombe. Anta anabaki melini. Mambéty hatuambii nani alichagua vema, na wanaotaka kumlazimisha aseme huwa wananichosha kuliko wimbo ule.


Shajara anaandika tena:

Nawashukuru sana. Sikuwa nimeitazama ile sehemu ya sanduku kwa jicho hilo. Ndugu Kioo, mbona hukumtaja Jean Rouch, yule Mfaransa mwanaethnolojia na mpiga filamu? Nimesoma kwamba Sembène alimwambia usoni, katika mazungumzo yao ya mwaka 1965, kwamba wataalamu kama yeye wanawatazama Waafrika kama wadudu. Je, nimwache nje kwa sababu hiyo?


Darubini anajibu:

Naomba nimjibie Ndugu Kioo, kwa kuwa najua atasema Rouch aachwe, na mimi nasema hapana.

Sembène alikuwa na haki ya kusema aliyoyasema, na filamu nyingi za Rouch zinastahili lawama hiyo. Lakini kuna Jaguar, iliyopigwa mwaka 1954 na kutoka mwaka 1967. Vijana watatu wa Niger, mchungaji, mvuvi na mjanja mmoja wa mjini, wanasafiri kwa miguu hadi Gold Coast, Ghana ya leo, kutafuta fedha na sifa, kisha wanarudi na kugawa kila walichochuma. Picha zilipigwa bila sauti. Miaka kadhaa baadaye vijana haohao, akina Damouré Zika na Lam Ibrahim Dia, waliketi mbele ya picha zao wakazisimulia papo kwa papo, kwa utani, kwa kubishana, kwa kujicheka. Katika filamu ya Mfaransa, aliyesafiri ndiye anayesimulia. Muhimu zaidi kwa hoja yako, safari hiyo haiendi Paris wala haitoki Paris. Njia za kwenda pwani kutafuta kazi na biashara wanazozipita zilikuwapo bila kumsubiri Verne, na mpaka kati ya koloni la Mfaransa na la Mwingereza kwao ni kizuizi cha kukwepa tu.

Hapo ndipo ninapotofautiana pia na wewe, Ndugu Kioo. Unaikataa hoja ya mwelekeo, lakini mifano yako yote ni ya meli ileile kati ya Dakar na Ufaransa. Tukibaki kwenye mstari huo tutamaliza na shule, kiwanda na jiko la watu. Camara Laye anaifunga L'Enfant noir, mwaka 1953, kwa kijana aliyepanda ndege huku ramani ya metro ya Paris ikimvimba mfukoni: mji umeshamwingia kabla hajaufikia. Ni kurasa nzuri sana, lakini hazikusaidii, kwa sababu anayekwenda anakwenda kupimwa.

Kinyume chake kuna Bernard Dadié. Un Nègre à Paris ya mwaka 1959 imeandikwa kama barua ndefu ya mtu aliyepata tiketi ya ndege na kwenda kuwatazama Waparisi wenyewe, mila zao, haraka zao, upendo wao kwa wafalme waliowakata vichwa. Ni mbinu aliyoitumia Montesquieu mwaka 1721 kwa Waajemi wa kubuni, ila safari hii mgeni ameushika uandishi kwa mkono wake. Kisha Dadié hakuridhika: mwaka 1964 akaandika kuhusu New York na mwaka 1968 kuhusu Roma. Mtu anayeandika vitabu vitatu vya miji mitatu si mhamiaji. Ni msafiri wa fani, kama Gide, isipokuwa hakuhitaji machela.

Na ukitaka kuivunja ramani kabisa, chukua L'Africain du Groenland cha Tété-Michel Kpomassie, kilichochapishwa mwaka 1981. Akiwa kijana nchini Togo alianguka kutoka kwenye mnazi akimkimbia nyoka, akapelekwa kutibiwa na walinzi wa chatu, na baba yake akatakiwa amtoe awe mtumishi wa chatu hao. Wakati anapona akakikuta dukani kitabu kuhusu Greenland: nchi isiyo na nyoka wala mti. Akatoroka. Miaka mingi alifanya kazi hapa na pale katika Afrika Magharibi na Ulaya ili tu apate nauli ya hatua iliyofuata, na mwaka 1965 akafika. Ufaransa na Denmark katika kitabu chake ni vituo vya njiani, kama vile Aden na Dakar zilivyokuwa vituo vya njiani kwa Wafaransa. Watoto wa Greenland wanamshangaa, wazee wanamlaza nyumbani kwao, anakula mafuta ya nyangumi na anaeleza ladha yake bila adabu ya bandia. Baadaye anaamua kurudi kuwasimulia watu wa kwao aliyoyaona. Haendi kupimwa na mtu, haendi kulipa deni la ukoloni, wala haendi kumthibitishia Mzungu chochote. Alitaka kuona barafu. Sijui kama wasomi wetu wamejiandaa kwa msafiri wa namna hiyo, kwa kuwa hatupi nafasi ya kumhurumia.


Kioo cha Sinema anaongeza:

Ndugu Darubini, Jaguar nakubali. Nilikuwa nimejiandaa kubisha na umeninyang'anya hoja. Lakini usimwachie Rouch sifa yote: sauti ni ya wale vijana, mkasi wa uhariri ni wake. Shajara, ukiitumia, tazama pamoja nayo Petit à petit, ya mapema miaka ya 1970, ambamo Damouré huyohuyo anatumwa Paris kuchunguza jinsi watu wanavyoishi katika nyumba za ghorofa nyingi, anawasimamisha wapita njia na kuwapima vichwa kwa vipimo vya chuma. Inachekesha kwa dakika kumi. Kisha unakumbuka kwamba wale Waparisi walikuwa na hiari ya kukataa.


Mtafsiri Mzee anajibu tena:

Marahaba, Kioo, nilisahau kuitikia. Mmenifurahisha, na nimebakiza mambo mawili.

La kwanza ni neno. Kifaransa kilichukua neno letu safari na kulifupisha: kwao ni msafara wa kuwinda, kwanza kwa bunduki, halafu kwa kamera. Kwa Mswahili safari ni ya yeyote aliyeondoka nyumbani, awe mfanyabiashara, hujaji, mpagazi au maiti anayerudishwa kwao. Masimulizi ya safari ya Waswahili wenyewe, aliyoyakusanya Carl Velten na kuyachapisha mwaka 1901, yana mtu aliyefika Urusi na Siberia, na hakuna mahali anapoitwa mhamiaji. Hayo ni mambo ya Wajerumani, hayahusu tasnifu yako, lakini yakukumbushe kwamba unapoandika kwa Kiswahili una neno pana kuliko wanalolitumia watu unaowachunguza. Usilipunguze ili lilingane na lao.

La pili ni ile kono ya Kéméni. Vitu vilivyoletwa na msafara wa Griaule, zaidi ya 3,000, vilisafiri pia, na sehemu yake iko hadi leo katika jumba la makumbusho la quai Branly. Katika shajara ya Leiris ni mizigo. Sasa itazame filamu ya Dahomey ya Mati Diop, mpwa wa Mambéty, iliyopata Dubu wa Dhahabu huko Berlin mwaka 2024. Mwaka 2021 Ufaransa iliirudishia Benin vitu 26 vya kifalme vilivyoporwa na jeshi la Jenerali Dodds mwaka 1892. Diop anaifuata safari hiyo, na kimojawapo cha vitu hivyo, sanamu ya Mfalme Ghezo, kinazungumza kwa Kifon. Kinalalamika kwamba kimeitwa namba 26. Kreti inafungwa, misumari ya mashine inasikika, na kioo cha sinema kinakuwa cheusi kabisa kwa sababu sisi watazamaji tumo ndani ya kreti pamoja nacho. Wasafiri wote tuliowataja hapa walisimulia wakiwa juu ya mzigo au kando yake. Hapa mzigo ndio unaosimulia.


Shajara anaandika tena:

Nimeamua. Sura ya kwanza haitaanza na puto bali na zile faranga 10, na sura ya mwisho itaingia ndani ya kreti. Kati yake nitaweka sanduku la Diouana, na vijana wa Jaguar nitawapa sura yao peke yao ili wasibanwe kati ya Dakar na Marseille. Kuhusu mwelekeo nitamweleza msimamizi wangu habari ya amri ya 1934 na nione atasemaje. Limebaki jambo dogo la tafsiri: kile kiti cha kubebewa ambacho Gide anakiita tipoye, Mzee, wewe umekiita machela. Nifuate hivyo?


Mtafsiri Mzee anajibu tena:

Machela, naam. Ila uwe mwangalifu na kitenzi. Gide mara kwa mara anaandika kwamba walivuka, walipanda, walifika, na mtafsiri mvivu ataandika vivyo hivyo, au ataandika tulibebwa na kuishia hapo. Kiswahili kinakuruhusu kumficha mtendaji kama Kifaransa kinavyoruhusu. Kila ukikutana na tulibebwa, ongeza na nani.